Sura ya Saba: Kidonge Kabla ya Koleo

Gego likimshika mtu wa Golbanti, kijiji cha kando ya Mto Tana nchini Kenya, matibabu huanzia jikoni. Atasukutua maji ya chumvi, ataweka karafuu kwenye tundu la jino, atameza panado ya dukani. Maumivu yakikaidi, atanunua vidonge vya rangi mbili, vinne au sita, kwa kadiri ya pesa iliyopo. Shavu likianza kujaa ndipo safari hupangwa: pikipiki hadi Garsen, na kama hapo hakuna wa kung'oa siku hiyo, gari la Hola au la Malindi, takriban kilomita mia moja upande wowote atakaoelekea. Mto Tana ukifurika, kama ulivyofurika Novemba 2023, barabara hukatika na jino husubiri maji yashuke.

Kufikia siku anapokalia kiti cha daktari wa meno, mgonjwa huyu ameshameza antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, bila kuandikiwa na mtu. Wengi huamini ndivyo inavyopaswa: jino lisiguswe mpaka mwili uandaliwe. Wapo wanaomnung'unikia daktari aliyewang'oa na kuwaruhusu waende na panado tu, wakaona wamepunjwa.

Imani hiyo haikuzuka hivi hivi. Kuna watu ambao kweli hawafai kung'olewa jino kabla ya kumeza antibiotiki, na kwao dozi moja inaweza kuokoa maisha. Ni wachache, na huwezi kuwatambua kwa kuwafungua kinywa, kwa sababu kasoro yao iko moyoni. Shida ya Golbanti, na ya vijiji vingi vya kandokando ya Tana, ni kwamba kidonge hiki humfikia karibu kila mtu isipokuwa anayekihitaji.

Jino na moyo vinapokutana

Kinywa hakikosi bakteria, hata kiwe safi vipi. Wengi wao ni wakaazi wa kawaida wasiomdhuru mtu maadamu wamekaa mahali pao. Jino linapong'olewa, mishipa midogo ya damu iliyo kwenye fizi hupasuka, na baadhi ya bakteria hao huingia katika mkondo wa damu. Mwenye moyo mzima hana la kuogopa: kinga ya mwili huwasaka na kuwamaliza kwa muda mfupi, naye hajui kama kulikuwa na wageni.

Mambo hubadilika pale moyo wenyewe unapokuwa na kovu au kipande cha kubandikwa. Moyo una valvu nne, milango inayoruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma. Valvu yenye afya ni nyororo, na bakteria hupita juu yake bila kupata pa kushika. Valvu iliyokovuka, au ya bandia iliyowekwa na mpasuaji, huwanasa kama mti ulioangukia mtoni unavyonasa takataka: kwanza jani, kisha kijiti, hatimaye kisiwa kizima. Ndani ya kisiwa hicho bakteria huzaliana, huitafuna valvu, na vipande hukatika na kusafiri hadi kwenye ubongo, figo au wengu. Huu ndio uambukizo wa utando wa ndani wa moyo. Usipotibiwa huua. Ukitibiwa, mgonjwa hulazwa kwa wiki kadhaa akipokea dawa kupitia mshipa, na pengine apasuliwe kifua.

William Osler aliueleza ugonjwa huu kwa kina katika mihadhara aliyoitoa London mwaka 1885, miaka ile ile ambayo Wamethodisti walikuwa wakiweka kituo chao Golbanti. Kwa ugonjwa huu, hospitali kubwa ya London na kibanda cha misheni kando ya Tana vilikuwa sawa: hakuna upande uliokuwa na dawa. Penisilini ingegunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, na ingechukua miaka zaidi kufika mikononi mwa madaktari.

Ushahidi wa kwanza thabiti wa njia inayotoka kwenye jino hadi kwenye damu ulikuja mwaka 1935. Watafiti wawili wa London, Okell na Elliott, waliwachukua damu watu 138 mara tu baada ya kung'olewa meno, wakakuta bakteria kwa watu 84. Ilionekana wazi la kufanya: ukiwa na dawa ya kuwaua, itangulize. Mwaka 1955 Chama cha Moyo cha Marekani kikatoa mwongozo wake wa kwanza wa antibiotiki kabla ya matibabu ya meno, na kwa zaidi ya nusu karne orodha ya watu waliopaswa kupewa ikawa ndefu. Mtu aliyeambiwa tu kwamba moyo wake una mlio usio wa kawaida aliweza kuandikiwa dawa kila alipoenda kusafishwa meno.

Mswaki unaposhtakiwa pamoja na koleo

Hesabu ilikuja kuharibiwa na mswaki. Mwaka 2008 timu ya watafiti wa Marekani iliyoongozwa na Peter Lockhart ilichapisha utafiti wa watu 290 waliogawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilipiga mswaki tu. La pili liling'olewa jino baada ya kupewa amoksisilini, antibiotiki ya ukoo wa penisilini. La tatu liling'olewa jino baada ya kupewa kidonge kisicho na dawa. Bakteria wanaoweza kusababisha uambukizo wa moyo walionekana katika damu ya asilimia 23 ya waliopiga mswaki, asilimia 33 ya waliong'olewa wakiwa na dawa, na asilimia 60 ya waliong'olewa bila dawa.

Takwimu hizo zinasema mambo mawili kwa wakati mmoja. Amoksisilini inafanya kazi, maana imepunguza bakteria karibu nusu. Lakini mtu huenda kwa daktari wa meno mara chache katika maisha yake, na hupiga mswaki kila siku. Mwenye fizi zinazotoka damu huwamiminia bakteria damuni asubuhi na jioni, mwaka mzima. Kinga ya koleo peke yake inaziba tundu moja katika paa lenye matundu mengi.

Kwa mawazo kama hayo, hata kabla ya utafiti huo kuchapishwa, Chama cha Moyo cha Marekani kilipunguza orodha yake mwaka 2007, na mwaka 2021 kikaithibitisha. Waliobaki ni hawa: mwenye valvu bandia au valvu iliyotengenezwa kwa vifaa vya bandia, aliyewahi kuugua uambukizo wa utando wa ndani wa moyo, aliyezaliwa na aina fulani za kasoro za moyo, hasa zile zinazofanya midomo na kucha kuwa za samawati na hazijarekebishwa, na aliyepandikizwa moyo ambao valvu yake imeharibika. Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Machi 2008 taasisi inayoongoza matibabu huko, NICE, ilishauri dawa hizo zisitolewe kwa yeyote kwa sababu ya jino. Miaka saba baadaye uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet ulionyesha kuwa wagonjwa wa uambukizo wa moyo nchini England walikuwa wameongezeka, na ubishi kuhusu chanzo ukaanza. Mwaka 2022 utafiti wa Marekani uliofuatilia rekodi za karibu watu milioni 8 uliwapa nguvu wale waliobaki na orodha fupi: kwa walio katika hatari kubwa, kung'olewa jino kulihusiana na uambukizo wa moyo, na antibiotiki ya kabla ilihusiana na kupungua kwake. Kwa wengine wote, faida haikuonekana.

Na mtu mwenye moyo mzima anayemeza dawa ili kidonda cha jino kisioze? Mapitio ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2021 yalipima tafiti ambazo nyingi zilihusu upasuaji wa magego ya mwisho yaliyokwama kwenye taya. Ilikadiriwa kuwa watu 19 wapewe antibiotiki ili mmoja aepushwe uambukizo wa kidonda. Wale 18 wengine huambulia hatari ya madhara tu: kuhara, upele, na bakteria wa tumboni waliojifunza kuikwepa dawa. Kwa jino la kawaida linalotoka kwa koleo bila kukatwa mfupa, hoja huwa dhaifu zaidi.

Valvu za kwetu

Orodha ya Marekani iliandikwa kwa mioyo ya Marekani, ambako valvu nyingi zilizoharibika ni za wazee. Afrika Mashariki, mwenye valvu mbovu mara nyingi ni kijana aliyeanza kuugua akiwa shuleni. Huanza na koo: mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 hupata maambukizi ya bakteria aina ya streptokoka, koo linauma siku chache, kisha linapona. Wiki mbili tatu baadaye kinga ya mwili, iliyochanganyikiwa na bakteria hao, huvishambulia viungo na moyo wa mtoto mwenyewe. Goti huvimba leo, kiwiko kesho. Hiyo ni homa ya baridi yabisi. Ikirudi mara kwa mara huacha makovu kwenye valvu, na mtoto aliyekuwa akikimbia na wenzake huanza kuhema akipanda ukingo wa mto.

Kinga ya ugonjwa huu ipo, na imepimwa jirani zetu Uganda. Huko Gulu watafiti waliwafuatilia watoto 818 waliogunduliwa kwa kipimo cha mawimbi ya sauti kuwa na dalili za mwanzo. Nusu walidungwa penisilini ya benzathini kila wiki nne kwa miaka miwili. Kati ya waliodungwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa chini ya mtoto 1 katika kila 100. Kati ya wasiodungwa, kwa zaidi ya 8.

Hapa ndipo makosa ya chumba cha meno huzaliwa. Mgonjwa anayedungwa sindano ya kila mwezi hudhani, na pengine mhudumu naye hudhani, kwamba sindano hiyo inatosha kumkinga jino linapong'olewa. Haitoshi. Kazi yake ni kuzuia koo lisiambukizwe tena. Isitoshe, bakteria wa kinywani walioishi na penisilini kwa miezi na miaka huenda wameshaizoea, kwa hiyo mtu huyu akihitaji kinga ya jino hupewa dawa ya ukoo mwingine, kwa mfano azithromaisini.

Je, mwenye valvu iliyokovuka kwa baridi yabisi lakini hajabadilishwa valvu, apewe kinga? Mwongozo wa Marekani unasema hapana. Mwongozo wa Australia, nchi ambayo watu wake wa asili wanasumbuliwa mno na ugonjwa huu, unasema ndiyo kwa walio katika hatari kubwa. Anayehudumia watu wa Tana ana sababu nzuri ya kusoma wa Australia, akizingatia meno yenyewe yana hali gani na hospitali ya moyo iko umbali gani.

Saa moja kabla

Tuseme mgonjwa ni yule hasa anayestahili. Dozi ya mtu mzima ni amoksisilini gramu 2, mara moja tu, dakika 30 hadi 60 kabla ya koleo. Ni vidonge vinne vya miligramu 500, au vinane vya miligramu 250. Mtoto hupewa miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito wake. Asiyepatana na penisilini hupewa azithromaisini miligramu 500 au doksisaiklini miligramu 100. Klindamaisini, iliyokuwa ikitumika zamani, iliondolewa katika mwongozo wa 2021 kwa sababu ya madhara yake tumboni.

Muda huo wa saa moja una maana kubwa kwa mtu wa Golbanti. Amoksisilini haikai mwilini. Kila baada ya saa moja hivi, nusu ya iliyomo katika damu huwa imetolewa na figo. Anayemeza vidonge vyake alfajiri kabla ya kupanda pikipiki, akafika Malindi saa nne, akapanga foleni, akaitwa saa saba, atakalia kiti akiwa amebakiwa na mabaki ya dawa. Safari imeimaliza njiani. Aliyeanza kumeza siku tatu kabla yuko pabaya zaidi: bakteria wanyonge wamekufa, na waliobaki kinywani ni wale walioishinda dawa. Ndiyo maana mtu aliyemaliza dozi ya antibiotiki karibuni hushauriwa angoje angalau siku 10 kabla ya kung'olewa, hali ikiruhusu, au apewe dawa ya ukoo mwingine. Na kama vidonge vilisahauliwa kabisa, bado vinaweza kutolewa ndani ya saa 2 baada ya jino kutoka.

Kwa hiyo mahali pa dawa hii ni chumba cha meno chenyewe. Mhudumu ampe mgonjwa akiwa kwenye foleni, amwone akimeza, aangalie saa. Haigharimu chochote zaidi ya vidonge vinne na kopo la maji.

Homa isiyo malaria

Kando ya Tana, homa hupewa jina kabla haijapimwa. Mbu ni wengi, malaria ipo kweli, na mtu mwenye joto na uchovu humeza dawa ya malaria kwanza. Uambukizo wa moyo unaotokana na bakteria wa kinywani huja polepole: homa ya jioni, jasho la usiku, kukonda, kuchoka kusiko na sababu, kwa wiki nyingi. Unafanana na mambo kumi mengine.

Dawa ya malaria isipofaa, hufuata vidonge vya rangi mbili. Mgonjwa hupata nafuu ya siku chache, kisha homa hurudi. Akifika hatimaye hospitali yenye uwezo wa kuotesha bakteria kutoka kwenye damu, maabara haioti kitu: vidonge vile vichache vimewazimisha bakteria bila kuwamaliza, na daktari anabaki kutibu kwa kubahatisha. Kumeza antibiotiki kabla ya kutolewa damu ni miongoni mwa sababu kuu duniani za kipimo hiki kutoka mikono mitupu.

Madhara hayaishii kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani. Kenya ilitoa mpango wake wa kitaifa wa kukabiliana na usugu huo mwaka 2017, na sheria inataka antibiotiki zitolewe kwa cheti cha daktari. Dukani sheria hiyo ni nyepesi, na katika nchi ya wafugaji dawa za ukoo wa tetrasaiklini hupita pia kwenye shingo za ng'ombe, mara nyingi kwa mkono wa mwenye mifugo. Bakteria hawaulizi dozi ilikuwa ya mtu au ya ndama.

Jambo moja lisichanganywe na haya yote. Kinga ni ya kabla ya ugonjwa. Jipu la jino ni ugonjwa tayari. Jino linalouma bila uvimbe huhitaji kutibiwa au kung'olewa, na antibiotiki haziliponyi. Uvimbe unaoenea chini ya taya au shingoni, homa, kushindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri: hapo antibiotiki zinahitajika, tena hospitalini, siku hiyo hiyo, kwa sababu uvimbe chini ya ulimi unaweza kuziba njia ya hewa.

Maswali manne na daftari moja

Mwenye moyo wenye kasoro hajilindi kwa vidonge pekee. Kinga yake ya kila siku ni fizi zisizotoka damu: dawa ya meno yenye floridi, mswaki wa dukani au wa mti, maana mti wa mswaki wenyewe unaota katika nchi kavu zinazopakana na mto, na kuondolewa ukoga mara kwa mara. Meno mabovu yashughulikiwe mapema, hasa kabla ya upasuaji wa moyo.

Kinachokosekana zaidi ni kumjua. Ukimuuliza mtu wa makamo, "Mama, una ugonjwa wa moyo?" atajibu, "La, mwanangu," kwa kuwa hakuna aliyewahi kumweleza ugonjwa wake kwa jina hilo. Maswali yanayofaa ni ya mambo anayoyajua. Umewahi kupasuliwa kifua, hapa nchini au India? Kuna sindano unayodungwa kila mwezi, au uliyowahi kudungwa? Ulipokuwa mdogo uliwahi kuvimba viungo vinavyohamahama, au kuambiwa una tundu moyoni? Unatumia dawa ya kuzuia damu isigande? Swali la mwisho linagusa hatari nyingine: mwenye valvu bandia ya chuma hutumia wafarini maisha yake yote, na akikatwa fizi bila damu yake kupimwa anaweza kutoka damu bila kukoma. Kumwachisha wafarini kiholela nako kunaweza kuigandisha damu kwenye valvu. Daktari wa moyo aulizwe kwanza.

Mgonjwa wa nje katika hospitali zetu nyingi huja na daftari lake la shule, ambamo kila mhudumu huandika alichoona. Daftari hilo humfuata mtu kutoka zahanati hadi Garsen, hadi Hola, hadi Malindi, na husomwa kuanzia ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Taarifa ya valvu iliyoandikwa miaka miwili nyuma hufukiwa chini ya mafua na malaria. Iandikwe kwenye jalada, kwa herufi kubwa: valvu gani, dawa gani kabla ya jino, kiasi gani, na kama hapatani na penisilini. Daftari likijaa, jalada jipya linakiliwe kabla ya ukurasa wa kwanza kuandikwa. Kwa wino huo mhudumu wa meno asiyemfahamu mgonjwa atajua ampe nani vile vidonge vinne, na atakuwa na sababu ya kutowapa wengine wote waliobaki kwenye benchi.